Mtende wa Swaumu

Shamba la Mkonge Kwamhembe,
Korogwe.
4 Juni 1951

Kwa dada yangu Mwaija,

Shikamoo dada. Najua neno la kwanza utakalosema ni kwamba Sadala amepotelea mkongeni, amesahau kwao. Sijasahau. Kikohozi kilinishika tangu mvua za mwezi wa nne, hata kalamu nikawa naiona nzito. Sasa nina nafuu. Mke wangu Fatu anakuamkia sana, anasema ule unga wa muhogo ulifika, ila njiani uliingiwa na mafuta ya taa kidogo, tukaula hivyohivyo. Mwalimu Semboja anayekusomea barua hii nampa shikamoo yake, na namwomba asiisome mbiombio kama anavyofanya akiwa na njaa.

Mwezi ukiandama, keshokutwa tunafunga. Najua mwezi huu kwako ni mzito kwa ajili ya marehemu mwanao. Tunamwombea Swaumu kila siku, usidhani tumemsahau.

Sasa neno lililonifanya niandike. Mkonge umepata bei ambayo hata wenyewe hawakuitegemea, na Bwana Meneja amejijengea nyumba mpya juu ya kilima. Mimi ameniondoa kwenye kukata, ameniweka mkubwa wa bustani. Dada, mikono yangu imeanza kupona miiba. Anataka barabara ya kuingilia kwake ipandwe mitende huku na huku, na mbele ya baraza, katikati ya nyasi, usimame mtende mmoja mkubwa uliokwisha kukua. Akauliza nani anajua inapopatikana. Mdomo wangu ukaniponza, nikasema kwetu Chanika ipo, babu yetu alikuwa mpagazi, alirudi kutoka safari za bara na makokwa ya tende mfukoni akayapanda.

Midogo ya barabarani nitaipata kwa machipukizi ya huku na huku, hilo halinisumbui. Ninaloomba ni mti mmoja mkubwa katika ile ya babu. Mmoja tu. Meneja atatoa bati za kuezeka nyumba yako yote. Na nisipoupata, sidhani kama nitakaa bustanini mpaka mwaka uishe.

Ni mimi mdogo wako,
Sadala

Chanika, Handeni.
30 Julai 1951

Kwa mdogo wangu Sadala,

Marahaba. Barua yako ilifika Ramadhani ikiwa katikati, na Semboja akakataa kuisoma mpaka Idi ipite, akasema wewe unamtia maneno ya upuuzi kinywani naye amefunga. Ndiyo maana jibu limechelewa. Anaandika haya huku amenuna. Sisi wazima. Mahindi yamekauka yakiwa na ndevu, tunakula muhogo. Mbuzi wangu mweusi amekufa, sijui ameumwa na nini. Pole na kikohozi, mwambie Fatu akuchemshie mchaichai aache kukuonea haya.

Mitende ya babu siitoi. Unakumbuka tulipokuwa wadogo ilikuwa inazaa, kisha ule mkubwa wa kisimani ukapigwa na radi, na tangu hapo yote ikakaa miaka na miaka bila kitu cha kula. Watu wakasema imezeeka. Basi tangu vita viishe imeanza tena, tende nene, naziuza sokoni hata Waarabu wa Boma wananunua. Wanasema ni dua. Mimi nasema ni dua zangu, maana hakuna aliyeomba katika nyumba hii kuliko mimi. Leo niung'oe mmoja nimpe mzungu autazame akinywa chai?

Na ule wa makaburini usiutaje kabisa. Ule ni wa Swaumu. Ulikuwepo, ulimwona mama akimtia tende mdomoni siku aliyozaliwa, kabla hajaonja ziwa langu, nami nikalifunga lile kokwa kwenye pindo la kanga. Alipokufa, hata miaka minne hajatimiza, nikalipanda kichwani pake. Baba yake aliniacha nikiwa bado naumwagilia. Niliweka nadhiri kwamba tende za kwanza za mti ule zitaliwa na watoto wa chuo cha Kurani cha Semboja, wote, ziwe sadaka yake, kwa sababu mtoto yule hakupata kutenda jambo lolote duniani akaandikiwa thawabu. Watoto wanakuja na vikapu kuomba zile za babu, nawafukuza na fimbo, nawaambia wangoje za Swaumu, hizo zitakuwa za bure.

Kila mwaka tangu vita viishe unatoa makarara. Yanapasuka ala yake, maua meupe yanatoka, yanamwaga unga mpaka kaburi linakuwa jeupe, kisha yananyauka. Mwaka huu ni mengi kuliko yote. Nangoja.

Dada yako,
Mwaija

Kwamhembe, Korogwe.
2 Septemba 1951

Dada Mwaija,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeshapata mbuzi mwingine. Fatu amenichemshia mchaichai, na haya hana tena, anakushukuru kwa kumpa ruhusa. Huku ni vumbi na joto, na manamba wapya wameletwa kutoka bara ya mbali, kambi imejaa, maji ya bomba tunapanga foleni.

Nimekuwa na barua yako siku nyingi. Dada, nilitaka ninyamaze, lakini sipendi uzeeke umeinua shingo unangoja kitu kisichokuja. Mti unaotoa maua ya unga kila mwaka na hauzai hata moja, huo ni dume. Unakumbuka mpapai uliokuwa nyuma ya jiko la mama, wenye maua ya mikia mirefu? Tulingoja mapapai mpaka baba akachoka, akaukata, akasema dume linakula mbolea bure. Na mipapai mingine ilizaa vilevile, haikuona tofauti. Mtende nao ni hivyo. Hata ukikatwa leo, hakuna kitakachopungua Chanika.

Sikuombi mti huo. Mungu ni shahidi wangu, sikuombi. Nimesema kwa sababu wewe ni dada yangu na hakuna mwingine wa kukwambia. Meneja ameniuliza tena habari za mtende, nimemwambia watu wa nyumbani wanafikiri.

Mdogo wako,
Sadala

Chanika.
21 Oktoba 1951

Sadala,

Salamu zako zimefika, za Fatu pia.

Nimeuliza watu. Wanawake wa kisimani walikuwa wanajua siku zote kwamba ule si mti wa kuzaa, walikuwa wananionea huruma tu, na mmoja amecheka mbele yangu. Makarara yamenyauka kama ulivyosema. Miaka yote hii nimebeba maji kupeleka makaburini kwa ajili ya dume la mpapai.

Tuma lori. Kuna mti mmoja mrefu, umenyooka, waje nitawaonyesha. Bati sitaki.

Mwaija

Mimi Semboja, mwandishi, nimeandika kama nilivyoambiwa. Nilimsihi angoje hata Ijumaa ipite. Hakutaka.

Kwamhembe, Korogwe.
9 Desemba 1951

Kwa dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Fatu anakusalimu, na mimi nakushukuru.

Mti umefika. Lori la Ernesti, dereva wa shamba, liliharibika Segera, likalala pale, na wauza muhogo wa kuchoma wakanyofoa makuti wakaenda kutengeneza mafagio. Machipukizi yaliyokuwa shinani wachimbaji waliyakatakata huko huko Chanika ili shina likae vizuri garini. Lakini moyo wa mti haukuguswa. Tumeusimamisha kwa kamba na vijana wengi, nikaufunga makuti juu kama kichwa cha mwari, na sasa umesimama mbele ya baraza. Meneja ameupiga picha. Amenipa mkono mbele ya watu, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mtu mweusi hapa.

Dada, taniboi wa Ernesti ananiambia waliuchimba makaburini. Anasema wewe ulisimama pale mpaka mwisho na kanga usoni, na mti ulipotoka ukajaza shimo mwenyewe kwa mikono. Nimelala vibaya tangu siku hiyo. Ni mti gani ulionipa?

Bati nimezituma hata kama huzitaki, maana zilikwisha kutolewa bohari na siwezi kuzirudisha.

Sadala

Chanika, Handeni.
3 Machi 1952

Mdogo wangu Sadala,

Marahaba, na salamu kwako na kwa Fatu. Nimeumwa mgongo Januari yote, sasa nainama kidogo. Bati zako nimempa Semboja akaezeka chuo. Mvua ya kwanza iliponyesha, kelele zikawa nyingi mpaka watoto wakasoma midomo ikicheza tu na sauti haisikiki. Semboja ananilaumu mimi. Anaandika hili kwa kusitasita lakini ni kweli.

Tende za babu mwaka huu zimekuwa nyingi kuliko miaka yote. Mashada yalining'inia mpaka makuti yakainama. Tumewahi kuziangua kabla ya masika, nimeziuza karibu zote. Uliandika hakuna kitakachopungua Chanika, na umesema kweli, hakijapungua. Kikapu hiki kinacholetwa na Ernesti ni chako. Sikukiuza kwa sababu nilitaka uzile wewe, uone kwamba ulisema kweli. Ule ushibe.

Umeniuliza ni mti gani. Ni dume. Uliniambia mwenyewe.

Mwaija

Kwamhembe, Korogwe.
28 Juni 1952

Dada,

Shikamoo. Idi njema iliyopita. Mwezi ulikuwa mrefu kwetu kwa sababu ya joto la bustanini, lakini Mungu ametuvusha. Nilisoma barua yako, kisha nikakaa na kikapu chako siku nyingi bila kukigusa. Fatu ndiye aliyenisema, akaniambia chakula hakina kosa, akazimimina tende kwenye debe na kufunika.

Ramadhani ilipofika akawa anatoa chache chache, tunafuturu sisi na jirani zetu wa kambini. Kulikuwa na mke wa mkata mkonge mmoja, Mmanyema, ameshikwa na uchungu na hana mama wala shangazi karibu. Fatu ndiye aliyempokea mtoto. Mtoto alitoka kimya, wakadhani ndiyo basi. Fatu akatafuna tende akamtia kwenye ufizi, mtoto akanyonya kidole chake, kisha akalia. Kambi nzima walizungumza habari hiyo. Nakueleza ili ujue kikapu hakikutupwa.

Mti umeshika. Umetoa makuti mapya matatu katikati. Meneja ameamuru umwagiliwe asubuhi na jioni pamoja na nyasi zake. Mimi nisingeumwagilia hivyo, lakini bustani si yangu. Ameamuru pia makarara yakitoka yakatwe mapema yatupwe, maana rafiki yake amemwambia unga wake utachafua motakaa.

Sitakuuliza tena lile nililouliza.

Sadala

Chanika, Handeni.
18 Januari 1953

Kwa Sadala,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, kiasi cha kuweza kuandika. Mgongo umerudi. Mke wa Semboja amejifungua pacha, mmoja amebaki. Nimepokea kanga mliyoniletea, Fatu ana macho mazuri ya kuchagua.

Nakwambia jambo, na usinicheke. Mitende ya babu haikuzaa. Yote. Ilitoa maua kama kawaida mwezi wa nane, nikafurahi, kisha vikaja vijitunda vidogo, vyembamba, havina kokwa ndani, vichungu ukivitia mdomoni. Vingi vimeanguka vyenyewe. Ni kama ile miaka ya kale baada ya radi. Ukame haukuwepo, mvua ya vuli tumepata ya kutosha, muhogo wenyewe umestawi.

Watu wanasema nimefukua kaburi kwa ajili ya mzungu. Wazee wametoa sadaka ya mbuzi pale kisimani, mimi sikuitwa. Yule mwanamke aliyenicheka sasa ananipisha njiani.

Sikutaka kukuuliza habari za ule mti, lakini nauliza. Uko hai?

Mwaija

Kwamhembe, Korogwe.
10 Machi 1953

Dada yangu,

Shikamoo, na pole kwa mgongo. Mpe Semboja pole na hongera yake. Huku bei ya mkonge imeanguka, watu wanapunguzwa kazini, lakini mimi bado nipo. Fatu anaumwa jino.

Habari za mitende zimenisikitisha. Nadhani ni hewa ya mwaka huu, au wadudu. Miti ina miaka yake ya kupumzika. Usiwasikilize watu, wanatafuta tu la kusema. Mti uliouliza upo.

Mvua zimeanza hapa. Barabara ya Bungu imekatika, viazi vya mlimani vimepanda bei. Sina zaidi.

Sadala

Chanika, Handeni.
25 Mei 1953

Sadala,

Tumefunga, na kwa mara ya kwanza tangu vita viishe nafuturu kwa maji na uji tu. Tende hakuna nyumba hii.

Semboja amesoma barua yako mara mbili, akasema, "Mama Swaumu, huyu anazunguka." Hata mimi nimesikia. Wewe ukizungumza habari za viazi vya Bungu najua una jambo limekukaa kooni. Tangu ukiwa mtoto ulikuwa hivyo, ukivunja kitu unaanza kusifu mboga.

Basi sikiliza. Sijali watu. Wameniita tasa, wameniita mchawi, nimezoea. Jambo moja tu linaninyima usingizi. Naogopa kwamba yeye ndiye aliyekasirika. Nilimngoja kama aliye hai kwenye mti wake, nikamtukana kwa sababu hakunizalia, nikamtoa kichwani pake mwenyewe nikampandisha lori la mkonge. Ule ulikuwa mti wake, nadhani wewe ulijua. Nilikuwa na nadhiri moja tu kwa mtoto yule, nimeivunja. Kama unajua kitu niambie, hata kiwe kibaya namna gani. Sitaki kufa bila kujua kama mwanangu amenikasirikia.

Mwaija

Kwamhembe, Korogwe.
19 Agosti 1953

Dada Mwaija,

Shikamoo. Mwalimu Semboja, nakuomba sana barua hii usiisome mbele ya watu. Mkae wawili ndani.

Swaumu hajakukasirikia. Nianze na hilo, maana najua nimekuweka ukilisubiri tangu Mei. Nilijua tangu mwezi wa pili, nikakosa moyo wa kuandika.

Hapa Korogwe mjini kuna Mshihiri anauza kahawa, kwao huko Arabuni ni mitende mitupu. Barua yako ya Januari ilipofika nilikwenda kumwuliza kwa nini mitende izae miaka kadhaa kisha isizae. Akaniuliza, "Mume wake yuko wapi?" Nikadhani anatania. Akaniambia mtende hauko kama ninavyodhani mimi. Lazima dume liwepo, unga wake uende kwa majike, kwa upepo au kwa mkono wa mtu. Pasipo dume, majike hutoa vijitunda visivyo na kokwa, vichungu. Kwao dume moja linatosha majike mengi, na mtu hulitunza kuliko yote. Nikamtajia mpapai wa baba. Akasema mipapai ya baba ilizaa kwa sababu jirani walikuwa na madume yao. Hilo sikulifikiria kabisa.

Dada, ule wa kisimani uliopigwa na radi lazima ulikuwa dume. Ndiyo maana ile mingine ilinyamaza. Ikaja kuzaa tena baada ya vita, na wewe mwenyewe uliniandikia ni lini mti wa Swaumu ulianza kumwaga unga. Tende zote zilizoliwa Chanika tangu wakati huo zilitoka kwake. Hata zile za mwaka wa lori, maua yake yalikuwa yamekwisha kupata unga kabla sijauchukua. Mimi ndiye niliyekuandikia kwamba hakuna kitakachopungua. Niliandika jambo nisilolijua, na sina pa kuliweka neno hilo sasa.

Nilitaka niurudishe. Nilimwomba Meneja, akacheka. Nikasema nitangoja chipukizi shinani, lakini yalikatwa yote siku ya lori na hayakuota tena. Na mti wenyewe, dada, nilikwambia upo, ulikuwa upo, lakini maji ya nyasi yameuozesha. Juzi nilivuta kuti la katikati likatoka mkononi mwangu bila nguvu, linanuka. Hautaishi.

Kabla ya hapo ulitoa karara moja. Sikulikata nilipoamriwa. Nililiacha mpaka likaanza kupasuka, nikalikata na kulifunga kwenye shuka, ndilo hili analoleta Ernesti. Mshihiri amesema hivi: tafuta kijana apande mitende ya babu sasa hivi wakati maua yake yamefunguka, akung'ute unga juu ya kila shada, kisha aache vijiti viwili vitatu vya maua haya katikati ya kila shada na kulifunga kidogo kwa ukuti. Isipite wiki. Nimemwapisha Ernesti asisimame popote.

Nisamehe kama unaweza. Usipoweza nitaelewa.

Sadala

Chanika, Handeni.
8 Novemba 1953

Kwa mdogo wangu Sadala,

Marahaba. Natumaini hamjambo, na jino la Fatu limetulia. Mgongo wangu uko vilevile. Pacha wa Semboja aliyebaki amenenepa, analetwa kwangu mchana mama yake akienda shamba.

Ernesti hana kosa, usimgombeze. Alipofika Segera alikuta habari kwamba baba yake amefariki, akapanda gari la Tanga kwenda kuzika, na mzigo wako akamwachia muuza chai. Barua ilikuja na mtu mwingine, nikajua karara liko njiani, nikamweka kijana tayari na kamba. Kila siku nilikwenda barabarani. Maua ya babu yakafunguka, yakakaa wazi, yakaanza kuwa rangi ya kahawia. Lilipofika lilikuwa limeota ukungu ndani ya shuka. Kijana alipanda hivyohivyo akakung'uta, kwa kuwa nilimwomba. Nimetazama mashada jana. Ni vile vijitunda vyembamba tena. Shuka nimeifua nikaitandika makaburini, pale penye shimo.

Semboja alinisomea barua yako mlango ukiwa umefungwa kama ulivyotaka. Alipofika pale penye tende zote za Chanika, nilimwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia tena. Mara ya tatu alipomaliza, nikamwambia basi. Sijakukasirikia. Wewe ulisema neno, lakini lori niliita mimi, na kidole cha kuonyesha mti kilikuwa changu. Kuna siku nakukumbuka nikiwa na hasira, kisha inapita.

Nakwambia linalonila. Si kwamba mti umekwenda. Ni kwamba alikuwa ananipa kila mwaka na mimi nauza. Watoto wa chuo walisimama pale na vikapu vyao, nikawafukuza kwa fimbo kutoka kwenye tende za Swaumu, nikawaambia wangoje za Swaumu. Wengine wamekwisha kuwa watu wazima, wana ndevu. Nimekaa nikitafuta kama kuna hata tende moja iliyotoka kwenye mti wake nikaitoa bure, kwa mtu, bila kuchukua kitu. Nimetafuta mwaka kwa mwaka. Niliuza hata zilizopasuka.

Nimepata kikapu kimoja tu. Ni kile nilichokuletea wewe, na nilikuletea kwa ubaya, nikitaka zikukwame. Kikamfikia yule mtoto wa Mmanyema.

Usiniletee miche, Sadala, wala makokwa. Mimi sina miaka ya kungoja mti mwingine. Nenda kambini uulize kabla Wamanyema wale hawajamaliza mkataba wakaondoka, kisha uniandikie jina la yule mtoto.

Dada yako,
Mwaija